Herbert Baker
Sir Herbert Baker (9 Juni 1862 – 4 Februari 1946) alikuwa msanifu majengo kutoka nchini Uingereza.

Alizaliwa Cobham, Kent. Mwaka 1892 alihamia Afrika Kusini. Mwaka 1900 Cecil Rhodes alimgharimia safari ya kujifunza majengo ya kale huko Italia, Ugiriki na Misri. Baadaye alipojenga ukumbusho wa Rhodes mjini Cape Town alitumia nguzo za Kidoriki, mtindo mmojawapo kati ya mitatu ya Ugiriki ya Kale.

Alisanifu pia Union Buildings mjini Pretoria (1910–1913) na, nchini Kenya, Prince of Wales School, ambayo leo ni Nairobi School.

Majengo hayo yalikusudiwa kuonyesha ukuu wa Dola la Uingereza. Hata hivyo, ni kwenye Union Buildings kwamba Nelson Mandela aliapishwa kuwa rais tarehe 10 Mei 1994.