Mnyweshaji Alisahau, Tom Mboya Hakusahau

Somo: Mwanzo 40 na 41



Jumapili iliyopita tulisoma habari za Yusufu gerezani. Yule mnyweshaji wa Farao alitoka, akarudishiwa kazi yake, halafu akamsahau Yusufu miaka miwili mizima. Baada ya ibada kuna walioniuliza, Pasta, mtu anasahauje hivyo? Nilinyamaza, maana mimi najua vizuri jinsi mtu anavyosahau. Nitalisema hapo mbele. Kwanza wacha niwape habari za mtu wa huku kwetu ambaye hakusahau.

Tom Mboya tunamjua sote kwa jina. Chuo kikuu kilichoko Homa Bay kinaitwa kwa jina lake, na kaburi lake liko Rusinga, ukivuka pale Mbita. Lakini wengi tunadhani alizaliwa mkubwa. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 kule Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwa sababu baba yake alikuwa ametoka Rusinga kwenda kutafuta riziki katika shamba la mkonge la mzungu. Alisoma shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa kule Ukambani, kisha St. Mary's Yala, kisha Mang'u. Akili ya kuendelea alikuwa nayo. Karo ndiyo haikuwepo.

Basi mwaka 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya bwana afya. Vijana wa siku hizi, sikieni hapo. Hiyo haikuwa ndoto yake, ilikuwa mlango uliokuwa wazi, naye akaingia. Mwaka 1951 baraza la jiji la Nairobi likamwajiri. Mwafrika katika kazi ile alilipwa sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mzungu mwenye kazi ileile. Siku moja yuko peke yake ofisini akipima maziwa, mama mmoja wa kizungu akaingia, akaangalia huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake!

Angeweza kubaki na uchungu moyoni. Yeye aliwakusanya wafanyakazi wenzake wakaunda chama cha kutetea haki zao. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, viongozi wengi wakiwa kizuizini, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Alikuwa na miaka 23 tu. Mchana alipigania mishahara ya watu, na masomo aliyafuata kwa njia ya posta kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1955 akapata nafasi ya mwaka mmoja katika Ruskin College, kule Oxford, Uingereza, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi. Kwa hiyo wewe uliyerudi darasani na miaka 35, ukiwa na watoto nyumbani, usione haya. Mboya naye alipita njia hiyo.

Aliporudi, mwaka 1957, alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Sasa ametoka shimoni. Ana jina, ana suti, anaalikwa nchi za nje. Hapo ndipo wengi wetu hubadilisha namba ya simu.

Mboya alikwenda Marekani mwaka 1959 akazunguka akihutubia watu, na kila alipopita aliwaombea nafasi vijana waliokwama Kenya kama yeye alivyokwama. Vyuo vingine vilikubali kuwasomesha, lakini nauli ya ndege hawakuwa nayo. Yeye mwenyewe pesa hizo hakuwa nazo. Alikuwa na mdomo na marafiki. Mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji Jackie Robinson wakasimama naye kuchangisha. Huku nyumbani, familia na majirani wakachanga kile walichoweza. Serikali ya kikoloni haikupenda, wakasema elimu ya Marekani ni hafifu. Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi zaidi, na mpango ukaendelea mpaka mamia wakapata elimu. Wengi walirudi wakawa walimu, madaktari na wakuu wa ofisi za serikali mpya. Kati ya walioondoka 1960 alikuwemo Wangari Maathai, ambaye baadaye alipanda miti pamoja na kina mama wa vijijini na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Na hebu fikirini: Mboya mwenyewe hakuwahi kumaliza digrii ya chuo kikuu. Aliwafungulia wengine mlango ambao yeye hakupitia.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri wa mipango ya uchumi, alipigwa risasi Nairobi akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38.

Sasa lile langu. Digrii yangu ya biashara, karo ya mwaka wa mwisho ilichangwa na kina mama wa kanisa, wengine wao wauza omena. Nilipopata kazi ya kwanza, mmoja wao akanipigia simu: mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nikamwambia, mama, nitakupigia. Sikupiga. Sikuwa na ubaya naye. Kulikuwa na kodi ya nyumba, kulikuwa na mkopo, na kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nadhani mnyweshaji naye alisahau hivyo hivyo, mwezi mmoja baada ya mwingine. Yule kijana alikaa mwaka mzima akiponda mawe ya dhahabu kule Macalder. Nilipokwenda kuomba msamaha, mama alinipikia chai. Ile chai ilikuwa ngumu kumeza.

Wapendwa, hapa kwetu tuna mabinti na vijana wengi waliohitimu. Wengine wana kazi, wengine bado wanatembeza vyeti kutoka Migori mpaka Homa Bay. Nauliza sote: nani alikushika mkono, na nani yuko nyuma yako sasa? Mwenye mshahara, mfuko wa elimu wa kanisa uko wazi. Asiye na kazi bado, njoo Jumamosi uwasaidie watoto wa kidato cha nne kujaza fomu za chuo na za mkopo wa HELB. Mwenye rafiki ofisini, mtajie jina la kijana mmoja. Mboya hakuanza na pesa.

Na kama kuna simu uliyoahidi kupiga, ipige leo kabla hujala chakula cha jioni.

Bwana atukumbushe wale tuliowaacha gerezani. Amina.