George Westinghouse: Aliyefanya hitilafu ifunge breki

MAHINDI na maharage ya Gairo husafiri kwa malori kwenye barabara ya Morogoro hadi Dodoma. Lori likipoteza upepo, springi hufunga breki na gari husimama. Wazo hilo lilitangulia kwenye reli, na mwenye wazo alikuwa Mmarekani George Westinghouse.

Alizaliwa Oktoba 6, 1846, New York, mtoto wa mtengenezaji wa mashine za kupura nafaka. Wakati huo wafanyakazi wa treni walipanda juu ya mabehewa kuzungusha breki za mkono, na wengi walipoteza maisha.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, alipata hataza ya breki ya upepo. Kasoro yake ni kwamba upepo ndio uliofunga breki. Bomba likipasuka, breki hakuna, na dereva hugundua anapozihitaji.

Mwaka 1872 aligeuza mpango. Kila behewa lilipewa tangi lake la upepo, na upepo wa kwenye bomba ukawa wa kuzuia breki zisifunge. Bomba likipasuka au behewa likikatika, breki hujifunga. Mwaka 1893 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha breki za upepo kwenye treni.

Hapa nchini, Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani Msagali, Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ndiyo maana breki hukaguliwa kabla ya safari.

Westinghouse aliingia pia kwenye umeme, akaanzisha kampuni mwaka 1886. Msukosuko wa fedha wa 1907 ulimnyang'anya uongozi wake. Alifariki Machi 12, 1914.

Rilei zinazolinda mota za umeme nazo ni za aina mbili. Moja hushikiliwa na umeme muda wote. Umeme wake ukikatika, huachia na kuzima mota. Nyingine husubiri hitilafu ndipo ipate umeme. Waya wake ukikatika, mota hubaki bila mlinzi na hakuna anayejua.

Aina ya kwanza ina gharama yake, kwani hata hitilafu ndogo husimamisha kazi. Mwenye mashine ya kusaga alinganishe hasara ya kusimama saa chache na bei ya mota iliyoungua, kisha amuulize fundi ni ipi amefungiwa.