Benedicto Kiwanuka, Mtu wa Sheria

Hapa Ngaka, ukiitaja Uganda mbele ya wazee watakusimulia Idi Amin na Vita vya Kagera. Waliouawa na Amin kabla ya vita hivyo hatuwataji sana. Mmoja wao ni Benedicto Kiwanuka, mlei Mkatoliki, na sisi tunaosoma falsafa tumeona tumtambulishe.

Alizaliwa Masaka mwaka 1922. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa KAR, na baada ya vita akawa mkalimani wa Mahakama Kuu. Baadaye alisoma Roma (si ile ya Italia, bali Roma ya Basutoland, ambako palikuwa na chuo cha Kikatoliki), kisha akasomea sheria London.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza Democratic Party, chama kilichotokana na manung'uniko ya Wakatoliki walionyimwa vyeo Buganda. Wapinzani walikigeuza jina kwa dhihaka: Dini ya Papa. Uchaguzi wa Machi 1961 ulipofika, serikali ya Kabaka kule Mengo iliwataka Waganda waususe. Kiwanuka, Mganda mwenzao, alikataa. Waliopiga kura Buganda walikuwa wachache mno, na DP ikazoa karibu viti vyote vya huko, ikapata wingi katika Baraza la Kutunga Sheria. Tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Ushindi ulikuwa halali, ila Mengo hawakumsamehe, naye hakujua kubembeleza. Tunaona hiyo ilikuwa kasoro yake. Katika uchaguzi wa Aprili 1962 wabunge wa Buganda waliteuliwa na Lukiiko, baraza la Kabaka, na yeye akakosa kiti. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu miezi michache tu nyuma hakuwa hata mbunge. Akarudi kwenye uwakili.

Obote alimtia kizuizini mwaka 1969. Amin alipotwaa madaraka Januari 1971 alimwachia, na mwaka huohuo akamteua Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Kwa fadhila kama hiyo, wengi wetu tungenyamaza.

Septemba 1972 wanajeshi walimkamata mfanyabiashara mmoja Mwingereza, na shauri likafikishwa mbele ya Kiwanuka. Aliamuru mtu huyo aachiwe, akaeleza kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia namna ile. Alijua vizuri anamgusa nani. Siku hizo Waasia walikuwa wanafukuzwa nchini, na waasi walikuwa wameingia Uganda wakitokea kwetu Tanzania; haikuwa saa ya kumfundisha Amin sheria.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba wanaume wenye silaha walimfuata ofisini kwake, Mahakama Kuu ya Kampala. Walimtoa bila viatu, wakamsukumia ndani ya gari. Alikuwa na miaka 50. Mwili wake haukupatikana, na familia yake haikupata nafasi ya kumzika.