Kapiteni Hore na Mashua za Ziwa Letu

Kila siku pwani ya Kazimia tunaona mashua zikishusha watu na ndagala, wala hatuulizi ginsi chuma cha kwanza kilivyofika katika ziwa hili, kabla ya reli na kabla ya motokari. Mara hii tumechagua maisha ya Mwingereza mmoja aliyefanya kazi hiyo.

Edward Coode Hore alizaliwa Uingereza mwaka 1848. Toka ujana alikuwa baharia, kiisha akapata cheti cha unahodha. Wakati ule tajiri mmoja wa mji wa Leeds, Robert Arthington, alitoa pauni 5,000 ili London Missionary Society ifungue misioni kwenye ziwa Tanganyika. Misioni ilihitaji mtu wa maji, ikamchukua Hore. Safari ilianza pwani ya bahari mwaka 1877, na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o waliua ng'ombe, basi mizigo ikapanda juu ya vichwa vya watu. Tarehe 23 Agosti 1878 Hore alifika Ujiji pamoja na Thomson, mkubwa wa safari. Mwezi uliofuata Thomson alikufa. Mwaka 1879 alifika mwenzao Dodgshun, naye akafa kisha siku chache.

Hore hakurudi kwao. Alitwaa chombo cha wenyeji, akakigeuza kwa ufundi wake na kukiita Calabash, ni kusema Kibuyu. Tusipite hapa mbio. Vyombo vikubwa vya Ujiji wakati ule vilitoka katika miti ya Ugoma, milima ya upande wetu huu, kusini kwetu. Mafundi wa huku walichimba gogo moja kubwa, wakaliuza ng'ambo, na kule likaongezwa mbao pembeni. Kumbe yule nahodha mwenye cheti alikuta ufundi wa mashua uko tayari hapa!

Na chombo hicho alianza kupima ziwa. Mwaka 1879 alifika kwenye mto Lukuga. Wasafiri wazungu walikuwa wanabishana: je, maji ya ziwa yanatoka pale ao hayatoki? Cameron alisema ndiyo, Stanley alisema bado. Hore aliona kwa macho maji yakienda kwa nguvu upande wa magharibi, kuelekea Lualaba.

Kiisha alirudi Uingereza kutafuta mashua ya chuma, jina lake Morning Star, Nyota ya Asubuhi. Mwaka 1882 ilifika Saadani vipande vipande, ikavutwa na mamia ya watu juu ya vigari, zaidi ya kilomita 1,200, mpaka Ujiji mwaka 1883. Merikebu ya moshi, Good News, ni kusema Habari Njema, ilipita njia ingine: mto Zambezi, mto Shire, ziwa Nyasa, na tena zaidi ya kilomita 300 kwa miguu. Ilikuwa na urefu wa futi 54. Iliingia majini tarehe 3 Machi 1885, kule Liendwe, inchi ya Zambia ya leo. Roxburgh, fundi wa mashine, alikufa mwaka huo huo. Kwa hiyo merikebu ya moshi ilitembea kwanza kwa tanga tu.

Bibi Annie Hore alitoka pwani hata Ujiji kwa siku 90, akibebwa ndani ya kiti, pamoja na mtoto wao mdogo Jack. Walikaa kisiwani Kavala, upande wetu wa Kongo, kaskazini mwa Kalemie ya leo, na huko mama huyu akafundisha watoto.

Je, mashua hizi zilifanya nini? Wengine Ulaya walitumaini kwamba zitamaliza biashara ya watumwa. Hazikuimaliza. Miaka ile yote watumwa kutoka Manyema walivushwa ziwani kwenda Ujiji, na Hore alikuwa palepale. Misioni yake haikuwa na askari, na bila urafiki wa wakubwa wa Ujiji isingepata hata mahali pa kukaa. Biashara ile ilivunjika nyuma yake, kwa vita vya 1892 mpaka 1894, na vita vile navyo vilileta utawala mwingine wenye machozi yake.

Hore aliondoka mwaka 1888. Jack alikufa Uingereza mwaka 1889. Baba yake aliandika kitabu juu ya miaka yake 11 huku, akarudi baharini, akafa mwaka 1912.

Sisi wa mwaka wa sita tunafikiri hivi. Hore alikuwa mvumilivu, na tumheshimu. Lakini nahodha mmoja hawezi kubeba merikebu. Waliibeba wapagazi, na wao hawakuandika vitabu. Basi tukisema mashua ya Hore, tuseme pia mashua ya wale waliobeba, na ya mafundi wa Ugoma waliochonga mbele yake. Na wewe mwenzetu unayedharau kazi ya mikono kwa sababu unajua kuandika: Hore alijua vyote viwili, na ziwa halikumuuliza cheti.