Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye maradhi ya mara kwa mara, na nyumbani palikuwa na dhiki. Shuleni Michael alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipotimiza miaka 14 aliwekwa kwa Bwana George Riebau ajifunze kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7.

Vitabu alivyopewa kuvijalidi alivisoma pia. Habari za umeme alizozikuta humo alizijaribu kwa mikono yake. Mwaka 1812 alipanga sarafu 7 za shaba, vipande vya zinki na karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi, akapata betri. Mwaka huo huo alisikiliza mihadhara ya Sir Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi, akampelekea. Machi 1813 akaajiriwa katika Royal Institution.

Mwaka 1831 aligundua kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita. Mitambo ya Kidatu huzalisha umeme kwa kanuni hiyo.

Mwaka 1837 alichukua vyombo viwili vilivyo sawa, kila kimoja tufe la shaba ndani ya tufe jingine. Kimoja alikiachia hewa katikati. Kingine alikitia salfa. Chenye salfa kilibeba chaji nyingi zaidi. Basi kitu kinachokaa katikati kina nguvu yake.

Jambo hilo hata sisi hapa Utemini twaweza kulihesabu. Chukua karatasi mbili za aluminiamu, kila moja sentimita 20 kwa 20, zitenge kwa karatasi ya daftari yenye unene wa milimita 0.1. Zidisha eneo, mita za mraba 0.04, kwa 8.85 × 10⁻¹², ugawe kwa unene katika mita. Kwa hewa utapata nanofaradi 3.5, karatasi huongeza kama mara 3, yaani nanofaradi 10 hivi. Kupata faradi moja zingehitajika karatasi zenye eneo la viwanja vya mpira zaidi ya 500! Kipimo hicho kikubwa ndicho kilichopewa jina lake.

Faraday alikataa kuwa Rais wa Royal Society, akafariki tarehe 25 Agosti, 1867. Hesabu ngumu hakuzijua. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyaweka mawazo yake katika hesabu.

Ndugu wasomaji, wapo wenzetu wanaoiacha fizikia wakiingia Kidato cha Tatu, wakidhani ni somo la wenye maabara kubwa. Mwana wa mhunzi alianza na sarafu saba na maji ya chumvi.