Aliacha Chuo, Akatia Nanga Nome

Hebu tuanzie mwisho. Ni Agosti 31, 1906, na giza limeingia. Jione umesimama ufuoni Nome, mji mdogo wa wachimba dhahabu kule Alaska. Hakuna barabara ya kuufikia kutoka miji mingine, na majira ya baridi bahari yenyewe huganda. Mara unaona kijimeli kinajikokota, mti wa tanga umevunjika. Wenyeji wanakiendea kwa mashua, wanashangilia kama vile timu imerudi na kombe.

Ndani yake mna wanaume sita, watano kutoka Norway na mmoja kutoka Denmark. Nahodha ni Roald Amundsen, umri miaka 34. Jamaa huyu aliacha chuo. Ndiyo, umesoma vizuri.

Mamake, mjane, alitaka awe daktari. Unajua presha hiyo. Pengine hata wewe uko nayo sasa hivi. Roald akajiandikisha kusomea udaktari mjini Christiania, siku hizi Oslo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye barafu. Mamake alipofariki 1893, kijana akiwa na miaka 21, aliweka vitabu vya udaktari kando akaenda baharini.

Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo najua unachotaka kusikia: kwamba kuacha ndiko kulikomtoa. Pole, bana. Soma kwanza alichofanya baadaye.

Alianza kama baharia wa kawaida kwenye meli za kuwinda sili. Akafanya mitihani hadi akapata cheti cha unahodha. Kati ya 1897 na 1899 alikuwa kwenye meli ya Belgica iliyokwama katika barafu ya Antaktiki, na huko akaona nyama mbichi ya sili na pengwini ikiwaponya mabaharia waliokuwa wakidhoofika kwa kiseyeye. Kisha akaenda Ujerumani kusomea sumaku ya dunia. Kumbe aliacha chuo tu. Kusoma hakuacha.

Ndoto yake ilikuwa njia ya bahari inayopita juu ya Kanada, kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Wazungu walikuwa wameitafuta kwa karibu miaka 400. Mwaka 1845 Mwingereza John Franklin aliingia huko na meli 2 kubwa. Watu 129, yeye akiwemo, wote waliangamia.

Amundsen alinunua Gjøa, mashua kuukuu ya uvuvi yenye urefu wa mita 21 hivi, iliyoundwa 1872, mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Pesa zikaisha na wadai wakaanza kubisha hodi. Usiku wa Juni 16, 1903, mvua ikinyesha, yeye na wenzake sita wakang'oa nanga kimyakimya. Alitoroka madeni, ndio. Shujaa naye huwa na mambo yake.

Miezi michache baadaye walijificha katika ghuba ndogo ambayo leo ni mji unaoitwa Gjoa Haven. Walikaa hapo karibu miaka miwili, na hapo ndipo Amundsen alipata chuo chake halisi. Walimu wake walikuwa Wanetsilik, jamii ya Wainuit wa eneo hilo. Walimfundisha kushona na kuvaa nguo za ngozi zisizobana mwili, kujenga nyumba za theluji, na kusafiri na mbwa bila kupigana na baridi. Wazungu wengi waliotangulia waliwaona watu hao kama washamba. Yeye alikaa chini akafunzwa.

Agosti 1905 Gjøa iliipita sehemu ngumu zaidi, kisha barafu ikaishika tena. Amundsen akasafiri kama kilomita 800 kwa kigari cha mbwa hadi Eagle, Alaska, kutuma telegramu ya habari njema. Pesa ya kuilipia hakuwa nayo. Ikabidi anayepokea alipe. Machi 1906 mwenzao mmoja, Gustav Wiik, akaugua na kufa. Ndiyo maana walioteremka Nome walikuwa sita na si saba.

Desemba 14, 1911, kwa ujuzi ule ule wa Wanetsilik, Amundsen na wenzake wanne wakawa watu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Mwaka 1928 aliondoka Tromsø kwa ndege kumtafuta Umberto Nobile, mtu waliyekuwa wamekosana vibaya. Ndege haikurudi, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Kwa hivyo wewe uliyeacha chuo, au unayewaza kuacha, usiniulize kama ni sawa. Jiulize: baada ya kutoka, nani ananifunza sasa? Kama jibu ni hakuna, bado uko bandarini, na nanga haijang'oka.