Mwalimu na Wale Wachache

Kwa kujifunza kwa juma hili, soma Matendo ya Mitume 6:1-7. Angalia walionung'unika ni akina nani, na mitume walifanya nini na manung'uniko yao. Kisha tutazame maisha ya mtu ambaye kila mwanadarasa anamjua.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, jirani na Ikizu ambako Waadventista wa zamani wanakujua vizuri. Baba yake alikuwa Mtemi Burito wa Wazanaki, kabila dogo. Mwaka 1952 alirudi kutoka masomoni Edinburgh, akafundisha katika shule ya Kikatoliki ya Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe. Siku za mapumziko aliteremka Dar es Salaam kwenye mikutano, na waliompokea huko wengi wao walikuwa Waislamu, akina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Mgeni, Mkristo, wa kabila ambalo wengi wa pwani hawakulijua. Hata hivyo walimchagua kuwaongoza. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 akaacha kazi Pugu.

Juu ya rangi na dini Mwalimu alikuwa imara. Oktoba 1961 baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Alikataa kabisa, akawaeleza kwamba serikali yake ingejiuzulu kama wangeupitisha ubaguzi huo. Na mwaka 1963 Kibaha ilipata kituo chake cha elimu kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden. Weupe na weusi wakafanya kazi pamoja.

Tofauti ya mawazo ilimpa shida zaidi. Januari 1958 huko Tabora, TANU ilikaribia kugawanyika juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu aliwashawishi wajumbe waliotaka kuususia. Zuberi Mtemvu hakushawishika. Alitoka, akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu. Alishindwa vibaya, lakini jina lake lilikuwamo kwenye karatasi ya kura.

Baada ya hapo mlango ulifungwa. Wanaopenda kumsimulia Mwalimu kama malaika huiruka sehemu hii, nasi tusiiruke. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, nayo ilitumika. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Siku hiyo hiyo Mwalimu alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamegusia pia mishahara minono ya wakubwa. Hapo utamwona mtu mzima: aliwaadhibu waliompinga, na bado neno lao moja lilimwingia. Hoja yake ya chama kimoja nayo haikuwa ya kijinga. Nchi ilikuwa changa na maskini, yenye makabila zaidi ya 120, na majirani walikuwa wakichinjana.

Alitoka Ikulu mwaka 1985, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Mwaka huo huo alianza kusema hadharani kwamba chama kimoja si jambo la kudumu milele. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 kuwauliza wananchi. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu 20 walitaka vingi. Kwa hesabu ya kawaida, mjadala umekwisha. Mwalimu akasimama upande wa ile 20: watu wengi kiasi hicho hawawezi kunyamazishwa, na chama kisichopingwa hulala usingizi. Sisi tunaoitunza Sabato, ambao huomba ruhusa ya mtihani wa Jumamosi tukiwa wawili au watatu katika shule nzima, tunajua uzito wa mkubwa anayekubali kutuhesabu.

Tume ilitaja pia sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Ile ya kizuizini ilikuwa mojawapo.

Chama kilikubali, na vyama vingi vikaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Julai 1992. Mwalimu hakuhamia upinzani. Mwaka 1995 alizunguka nchi akimpigia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM, miaka minne kabla hajafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Lakini mpiga kura wa Kisarawe au Kibaha aliyefungua karatasi yake ya urais mwaka huo alikuta wagombea wanne. Mara ya mwisho kukuta zaidi ya mmoja ilikuwa mwaka 1962, na wa pili alikuwa Mtemvu.